Namna ya Kuchagua Krimu ya Uso kwa Ngozi ya Mafuta Yenye Chunusi

Lugha yetu imetuachia neno moja kwa vitu viwili. Yale yanayotoka ndani ya ngozi na kuufanya uso ung'ae ifikapo adhuhuri tunayaita mafuta, na kile tunachopaka kutoka kwenye chupa au kopo, hata kama sehemu yake kubwa ni maji, nacho tunakiita mafuta. Ndiyo maana mtu mwenye uso unaong'aa na chunusi zisizokoma huona ni busara kuacha kupaka chochote, kwani kwa nini aongeze mafuta juu ya mafuta? Hoja hiyo inaingia akilini, lakini imesimama juu ya neno, haikusimama juu ya ngozi. Ngozi inayovuta, inayokwaruza na kubanduka imepungukiwa na maji, na uso unaweza kabisa kuwa na mafuta mengi juu huku tabaka lake la nje likikosa maji kwa wakati uleule. Krimu inayofaa uso wa namna hii ni ile inayoleta maji na kuyashikilia bila kuibebesha ngozi mafuta mazito.

Mafuta ya asili ya ngozi hutengenezwa na tezi ndogo zilizoungana na vinyweleo, ambazo ni nyingi na kubwa zaidi kwenye paji la uso, pua na kidevu. Kinachozisukuma kufanya kazi ni homoni, hasa zile za kundi la androjeni, na ndiyo sababu uso hubadilika sana wakati wa kubalehe. Chunusi huanza pale seli zilizokufa zinapogandamana na mafuta hayo na kuziba tundu la kinyweleo. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes hustawi ndani ya tundu lililozibwa, kisha uvimbe, maumivu na usaha hufuata. Katika mlolongo huo wote hakuna mahali ambapo krimu ya kulainisha ngozi inaingia kama tiba, na nalisema hili mapema kwa sababu ahadi ya tiba ndiyo inayouza makopo mengi. Kazi ya krimu ni nyingine, nayo si ndogo: kuiweka ngozi katika hali ya kuzistahimili dawa zinazotibu chunusi kwa miezi inayohitajika ili dawa hizo zifanye kazi.

Huenda umewahi kuambiwa kwamba usipopaka krimu, ngozi itahisi ukavu na kujibu kwa kutoa mafuta mengi zaidi. Dhana hiyo imeenea mno, lakini madaktari wa ngozi Albert Kligman na Walter Shelley waliipinga kwa vipimo tangu mwaka 1958: tezi za mafuta hazipimi kilichopo juu ya ngozi na kuamua kuongeza au kupunguza. Uso uliooshwa hung'aa tena kwa kuwa tezi zinaendelea na kazi yake ileile ya kawaida. Kwa hiyo usinunue krimu kwa matumaini kwamba itazifundisha tezi zako kutulia. Inunue kwa ajili ya tabaka la nje la ngozi, ambalo wataalamu hulifananisha na ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na katikati yake mna saruji ya mafuta maalumu, ambayo takriban nusu yake ni seramidi na iliyobaki kwa sehemu kubwa ni kolestro na asidi za mafuta. Saruji hiyo si mafuta yale yanayong'aa puani. Hata mtu mwenye ngozi ya mafuta sana anaweza kuwa na ukuta uliopasuka, na ukuta uliopasuka hupoteza maji, huwasha, na huchomwa na kila kinachopakwa juu yake.

Pima ngozi kabla ya kupima bidhaa

Osha uso jioni kwa kisafishaji laini, ukaushe kwa kuugusagusa na taulo, kisha usipake chochote kwa muda wa saa moja. Baada ya saa hiyo chukua karatasi nyembamba ya tishu, ikate vipande, na ukandamize kimoja kwenye paji la uso, kingine pembeni mwa pua, kingine shavuni na kingine kidevuni, kila kimoja kwa sekunde chache, kisha uviinue kwenye mwanga. Mahali penye mafuta pataacha doa linalopitisha mwanga. Watu wengi huona madoa kwenye paji, pua na kidevu pekee, huku kipande cha shavuni kikitoka kikavu. Hao wana ngozi mchanganyiko, na wanaweza kuhitaji kiasi tofauti cha krimu sehemu tofauti za uso uleule.

Hata hivyo karatasi haitakuambia habari za maji. Kwa hilo sikiliza uso wenyewe katika saa ileile: je, unavuta unapotabasamu? Je, kuna magamba madogo pembeni mwa pua, kati ya nyusi au kuzunguka mdomo? Je, losheni ya kawaida inachoma unapoipaka? Ukiwa na madoa ya mafuta kwenye karatasi na ukavu wa namna hii kwa pamoja, tatizo lako la kwanza huenda likawa namna unavyosafisha uso. Mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiosha uso mara nne kwa siku kwa sabuni ya mche, nikiamini kwamba mng'ao ni uchafu, hadi ngozi ikawa inabanduka pembeni mwa pua huku paji likiendelea kung'aa vilevile. Sabuni za kawaida huwa na pH (kipimo cha asidi, ambapo chini ya 7 ni asidi) ya 9 hadi 10, ilhali uso wa ngozi ni wa asidi kidogo, karibu na 5, na hakuna krimu itakayoshinda kazi ya kubomoa inayofanywa mara nne kila siku. Kuosha mara mbili kwa kisafishaji kisicho na makali kunatosha.

Vilivyomo ndani ya kopo

Ukiondoa harufu, rangi na vihifadhi, krimu ya uso ina aina tatu za viambato vinavyofanya kazi, na ukizijua hizo utaweza kulikadiria kopo lolote.

Aina ya kwanza ni vile vinavyovuta na kushika maji. Gliserini ndiyo mkongwe wao, ni ya bei nafuu kwa watengenezaji, haizibi vinyweleo, na kwa maoni yangu bado hakuna kilichoipita kwa uhakika wa kazi. Asidi ya hayaluroniki imepata sifa nyingi zaidi, na ni nzuri, ila molekuli zake kubwa hukaa juu ya ngozi na hisia ya ulaini inayoletwa nayo hupita haraka isipokuwa kuwe na kitu juu yake cha kuzuia maji yasitoroke. Panthenoli na yurea ya kiwango kidogo zimo katika kundi hili pia. Ngozi ya mafuta inalihitaji kundi hili kuliko mengine yote mawili, na krimu yako ijengwe juu yake.

Aina ya pili ni vile vinavyojaza nyufa kati ya seli na kuifanya ngozi iwe laini inapoguswa. Hapa mna vitu vizuri na mna mitego. Skwaleni iliyoimarishwa, ambayo kwenye lebo huandikwa kwa mwisho wa “-ane”, ni nyepesi na haiharibiki upesi kwa hewa. Seramidi ni sehemu ya saruji niliyoitaja, na krimu yenye seramidi humfaa hasa anayetumia dawa kali za chunusi. Upande wa mitego kuna siagi ya kakao, mafuta ya nazi, na vimiminika kama isopropili miristati na isopropili palmitati, ambavyo watengenezaji huvipenda kwa sababu huifanya krimu iteleze na kuingia haraka, lakini kwa miaka mingi vimehusishwa na kuziba vinyweleo.

Aina ya tatu ni vifuniko, yaani vile vinavyotanda juu ya ngozi na kuzuia maji yasipae hewani. Mafuta ya mgando yanaongoza: yanaweza kupunguza upotevu huo wa maji kwa takriban asilimia 98. Wengi hushangaa kusikia kwamba mafuta ya mgando yaliyosafishwa hayana tabia ya kuziba vinyweleo, kwani molekuli zake hazizami ndani ya tundu. Lakini ni mazito, hunata, na kwa uso unaong'aa tayari hayavumiliki mchana, hivyo yaache kwa midomo na pembe za pua zilizopasuka. Kifuniko kinachoifaa ngozi ya mafuta ni dimethikoni, aina ya silikoni. Dimethikoni hutanda kama kitambaa chepesi, haina hisia ya mafuta, na imekuwa ikitumika kwenye bidhaa zilizokusudiwa nyuso zenye chunusi kwa muda mrefu. Kuna kampeni nyingi dhidi ya silikoni zinazodai kwamba huifanya ngozi ishindwe kupumua. Ngozi ya uso haipumui kupitia vinyweleo kwa namna hiyo, na sioni sababu ya kuikimbia.

Kusoma lebo kutoka juu hadi chini

Geuza kopo. Maneno makubwa ya mbele ni tangazo, na orodha ndogo ya nyuma ndiyo habari yenyewe. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, mpaka kufikia asilimia 1. Vilivyo chini ya asilimia hiyo vinaweza kupangwa kwa mpangilio wowote anaoutaka mtengenezaji. Msomaji mwangalifu anaweza kuukisia mpaka huo kwa kutafuta fenoksiethanoli, kihifadhi kilichomo katika krimu nyingi, kwa kuwa kanuni za Umoja wa Ulaya haziruhusu kizidi asilimia 1. Chochote kilichoandikwa baada yake, kwenye bidhaa inayofuata kanuni hizo, kimo kwa kiasi kisichozidi hapo.

Tuchukue mfano. Sema orodha inaanza na maji, yaani “aqua”, inafuata gliserini, kisha dimethikoni, kisha niasinamidi, kisha alkoholi ya setearili, halafu viambato viwili vitatu vya kuunganisha maji na mafuta, kisha fenoksiethanoli, na mwishoni seramidi na asidi ya hayaluroniki. Hii ni orodha ninayoipenda kwa ngozi ya mafuta. Gliserini iko nafasi ya pili, hivyo ipo ya kutosha. Kifuniko ni chepesi. Hakuna mafuta mazito katika nafasi za mwanzo. Alkoholi ya setearili isikutishe, kwa sababu licha ya jina lake ni kitu kama nta laini inayofanya krimu iwe nzito kidogo, na haikaushi. Inayokausha na kuchoma ni alkoholi ya kawaida, ile inayoandikwa “alcohol denat.”, na ikiwa hiyo iko miongoni mwa vitu vitatu vinne vya mwanzo basi ule wepesi na ubaridi unaousikia unapopaka umenunuliwa kwa gharama ya ngozi yako. Seramidi kuja baada ya fenoksiethanoli si udanganyifu peke yake, kwa kuwa hufanya kazi kwa kiasi kidogo. Lakini kama sehemu ya mbele ya kopo imejaa neno seramidi na mtu amelipia zaidi kwa sababu yake, ni haki yake kujua kwamba kilichomo zaidi ni maji na gliserini.

Sasa rudi kwenye yale maneno makubwa ya mbele. Maneno yanayomaanisha kwamba bidhaa haizibi vinyweleo hayana kipimo kimoja cha kisheria. Kampuni moja inaweza kuwa imepima kwenye migongo ya watu waliojitolea, nyingine ikawa imekagua orodha ya viambato tu. Chimbuko la orodha hizo ni kipimo cha sikio la sungura, ambacho Kligman na Otto Mills walikitumia katika kazi yao ya mwaka 1972 juu ya chunusi zinazoletwa na vipodozi. Ngozi ya ndani ya sikio la sungura huziba kwa urahisi kuliko uso wa binadamu, na kiambato kilichowekwa humo kikiwa peke yake na kwa wingi hakilingani na kiambato hichohicho kikiwa asilimia 2 ndani ya krimu iliyokamilika. Kwa hiyo nachukulia maneno hayo kama dalili ya nia njema ya mtengenezaji: heri yawepo kuliko yasiwepo, lakini hayakuondolei wajibu wa kujaribu. Vivyo hivyo zile tarakimu za 0 hadi 5 zinazosambazwa zikionyesha kila kiambato kinaziba kwa kiasi gani. Ukizifuata kwa ukali utaishia kuogopa nusu ya duka na bado hutajua krimu ipi inaufaa uso wako. Maneno ya “bila mafuta” nayo hayana maana moja, kwani bidhaa isiyo na mafuta ya mimea au ya madini inaweza kujaa ile isopropili palmitati.

Harufu ni jambo ambalo sina suluhu nalo. Neno “parfum” kwenye orodha linaweza kuficha mchanganyiko wa kemikali nyingi, na mafuta ya limau, lavenda au mnanaa, ingawa ni ya mimea, huwasha ngozi vilevile. Ngozi yenye chunusi iko kwenye matibabu au kwenye uvimbe, na haina ziada ya nguvu ya kupigana na manukato. Chagua isiyotiwa harufu kabisa, na tambua kwamba bidhaa inayodaiwa haina harufu inaweza kuwa imetiwa kitu cha kuficha harufu ya viambato vingine.

Kuhusu umbile, jeli huwa nyepesi zaidi, losheni hufuata, krimu ni nzito zaidi. Ngozi ya mafuta kwa kawaida hustarehe na jeli au losheni, lakini usiligeuze hili kuwa sheria, kwani kuna jeli zilizojaa alkoholi na kuna krimu zilizotengenezwa kwa uangalifu zisizoacha mng'ao.

Niasinamidi na ndugu zake

Katika viambato vya ziada, mmoja tu ndio ningeutafuta kwa makusudi. Niasinamidi ni aina ya vitamini B3. Huipa ngozi nguvu ya kutengeneza seramidi zake yenyewe, kwenye kiwango cha asilimia 2 imeonekana kupunguza kiasi cha mafuta yanayotoka, na jeli yake ya asilimia 4 ililinganishwa mwaka 1995 na jeli ya antibayotiki ya klindamaisini ya asilimia 1 kwa chunusi zilizovimba, matokeo yakakaribiana. Kwa wenye ngozi nyeusi ina faida nyingine: hupunguza kupita kwa chembe za rangi kutoka seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu, na kwa hiyo husaidia yale madoa meusi yanayobaki chunusi ikishapona, ambayo mara nyingi humuumiza mtu roho kuliko chunusi yenyewe. Asilimia 2 hadi 5 inatosha. Viwango vya 10 na zaidi vinavyotangazwa kwa fahari huwafanya baadhi ya watu wawashwe bila kuwapa faida inayoonekana.

Asidi ya salisiliki huwekwa pia ndani ya baadhi ya krimu. Ni dawa halali ya kuzibua vinyweleo, lakini ikiwa tayari unatumia dawa nyingine ya chunusi, sipendekezi iwemo tena kwenye krimu ambayo kazi yake ni kupumzisha ngozi.

Krimu na dawa za chunusi

Hapa ndipo krimu inapolipa gharama yake. Watu wengi huacha dawa za chunusi kabla hazijafanya kazi, kwa sababu uso umekauka, umewaka na kubanduka, nao huhitimisha kwamba dawa imewakataa. Retinoidi, yaani tretinoini na adapalini, hubadilisha namna seli zinavyojisukuma kutoka kwenye vinyweleo, na wiki za mwanzo huleta ukavu na magamba hata kwa mtu mwenye mafuta mengi. Benzoili peroksaidi huua bakteria lakini hukausha, na aliyeshauriwa kuitumia ni vyema ajue kwamba utafiti wa Mills, Kligman na wenzao wa mwaka 1986 ulionyesha ile ya asilimia 2.5 ikifanya kazi sawa na ya asilimia 10 kwenye chunusi zilizovimba, ikiwa na muwasho mdogo zaidi. Vidonge vya isotretinoini hupunguza mafuta ya tezi kwa kiasi kikubwa mno, na mtu aliyezoea kung'aa hujikuta kwa mara ya kwanza na midomo iliyopasuka.

Kwa hiyo chagua krimu kulingana na dawa unayotumia. Asiyetumia dawa yoyote, au anayetumia niasinamidi tu, anaweza kutosheka na jeli nyepesi yenye gliserini. Anayeanza retinoidi anahitaji kitu kizito hatua moja zaidi ya kile ambacho ngozi yake ingetaka kwa kawaida: losheni yenye gliserini, dimethikoni na seramidi, bila asidi yoyote na bila harufu. Aipake tabaka jembamba kwanza, asubiri ikauke, apake dawa kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, kisha apake losheni tena juu. Kwa njia hiyo dawa huingia taratibu, na baada ya wiki nne hadi sita, ngozi ikishazoea, anaweza kuliacha lile tabaka la kwanza. Aliye kwenye isotretinoini asione haya kutumia krimu nzito kabisa, pamoja na mafuta ya mgando midomoni mara nyingi kwa siku, kwa sababu kwa miezi hiyo ngozi yake si ya mafuta tena.

Mchana kuna jua. Retinoidi huifanya ngozi iwe nyepesi kudhurika, na jua huyakoleza madoa ya chunusi, hivyo losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi na inayozuia miale ya UVA na UVB ni ya lazima. Mwenye ngozi ya mafuta sana anaweza kuifanya hiyo ndiyo krimu yake ya asubuhi, akaiacha ile nyingine kwa usiku. Zenye zinki oksaidi peke yake huacha weupe juu ya ngozi nyeusi. Zile zilizotiwa rangi ya oksidi ya chuma huepuka weupe huo na hukinga pia mwanga unaoonekana, ambao nao huchangia madoa.

Jaribu taya moja kwanza

Nunua kopo dogo kama lipo. Kwa siku tatu za mwanzo paka kiasi kidogo nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono mara mbili kwa siku, kwa kuwa mzio wa ngozi mara nyingi huchukua siku mbili au tatu kujitokeza. Pakibaki salama, hamia kwenye uso, lakini upande mmoja tu wa taya, eneo la upana wa vidole viwili, na uendelee hapo kwa wiki mbili au zaidi huku ukiuacha upande wa pili kama ulivyokuwa. Kila baada ya siku chache simama mahali pamoja penye mwanga wa pembeni, pitisha ncha za vidole taratibu pande zote mbili, na uangalie kama upande uliopakwa umeanza kuwa na vijipunje vidogo vya rangi ya ngozi visivyouma. Hivyo ndivyo vinyweleo vilivyoziba kabla havijawa chunusi, na vinaweza kuchukua wiki nane hivi kuonekana vizuri, ndiyo maana krimu inayosifiwa siku ya tatu bado haijasema ukweli wake wote.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayeanza kisafishaji kipya, krimu mpya na dawa mpya ndani ya wiki moja hataweza kujua kilichomsaidia wala kilichomdhuru. Na mtu asikudanganye kwamba chunusi zinazofumuka kwa sababu ya krimu ni ngozi “kujisafisha”. Mfumuko wa muda wa namna hiyo hujulikana kwa retinoidi, ambazo huharakisha kilichokuwa kimejificha, lakini krimu ya kulainisha haina uwezo huo. Ikikutoa vipele, iache.

Katika kupaka, uso uwe na unyevunyevu bado, ndani ya dakika chache baada ya kuosha, ili gliserini iwe na maji ya kuyashika. Kiasi cha nusu kijiko cha chai kinatosha uso na shingo; anza mashavuni palipokauka, na kilichobaki vidoleni ndicho kipite kwenye paji na pua. Krimu ikikunjana kuwa vijiuzi chini ya vidole, umepaka nyingi mno au hukuipa muda iliyo chini yake ikauke.

Pale ambapo kosa si la krimu

Chunusi zilizojipanga kwenye paji karibu na nywele na kwenye panja zichunguzwe kwa mafuta ya nywele kwanza. Gerd Plewig, James Fulton na Kligman walizieleza mwaka 1970 kama chunusi za pomadi, na hutokea pale mafuta mazito ya nywele yanapoteremka au kuhamia usoni kupitia mto. Kubadilisha krimu ya uso mara tano hakutazigusa.

Vipele vidogo vinavyofanana vyote kwa ukubwa, vinavyowasha zaidi ya kuuma, na vinavyozidi unapotumia antibayotiki, vinaweza kuwa si chunusi bali fangasi wa Malassezia ndani ya vinyweleo. Fangasi huyo hula asidi za mafuta, na krimu zenye mafuta ya mimea humlisha. Dawa yake ni ya fangasi.

Liko pia kopo ambalo halipaswi kufika usoni kabisa, nalo ni lile lisilo na orodha ya viambato, lililokorogwa na mtu na kuuzwa kwa sifa ya kutakatisha ngozi na kufuta chunusi kwa siku chache. Makopo ya namna hiyo yamekutwa mara nyingi na steroidi kali, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki. Steroidi hutuliza uvimbe upesi sana, na hapo ndipo mtego ulipo, kwani baada ya wiki au miezi ngozi huwa nyembamba, hutoka chunusi za steroidi yenyewe, na ukijaribu kuiacha uso huwaka vibaya kuliko ulivyokuwa. Aliyekwisha kuitumia kwa muda mrefu asiiache peke yake ghafla bila kumwona daktari wa ngozi.

Mwone daktari huyo pia kama una chunusi kubwa za ndani zinazouma, kama zinaacha makovu, au kama miezi mitatu ya matibabu ya dukani haijabadilisha kitu. Siku hiyo beba kila unachopaka kuanzia shingoni kwenda juu, pamoja na mafuta ya nywele, dawa ya midomo, na lile kopo ambalo ungependelea lisionekane. Daktari atazisoma lebo zile zile ulizozisoma wewe, na mara nyingi jibu huwa limeandikwa humo.